Sura ya Maharage

14 Februari 1993

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, mgongo umekuachia, na Mwalimu jirani anakusomea kama nilivyoandika bila kutia chumvi. Mwalimu, shikamoo na wewe, na asante kwa kazi hii.

Mimi sijambo. Nilifika salama na kazi nimeshaanza. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, juu ya fundi vioo. Nakueleza kwa masikio kama ulivyonizoesha: asubuhi namsikia akikwaruza kioo, kisha kimya kidogo, kisha kioo kinakatika kwa mlio mmoja mfupi. Siku akikosea, milio inakuwa mingi, na baada yake matusi. Mchana niko hospitali kwenye dirisha la dawa. Huko ni vidonge vinamwagika kwenye sahani ya kuhesabia, mihuri inagongwa, foleni inakohoa. Hakuna anayenijua. Wananiita Dada wa Dirishani.

Najua niliondoka haraka. Barua ya uhamisho ilitaka niripoti mapema, na kazi za serikali ndivyo zilivyo. Sikupata hata nafasi ya kukaa nawe mezani siku ya mwisho. Bado najiona kwenye kiti changu, upande wako wa kushoto, nakusomea gazeti mpaka matangazo ya vifo, nawe unanikatiza: "Kasuku, rudia hapo."

Huku hakuna wa kuniambia nirudie. Nimekukumbuka mpaka najishtukia nikisoma kwa sauti maandishi ya kwenye makopo ya dawa.

Wasalimie watu wa Jumamosi, kama bado wananikumbuka.

Mpwa wako,
Kasuku


6 Machi 1993

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujaniachia, tumezoeana tu. Naandika kwa taipureta ileile niliyopewa nilipostaafu simu za hospitali, kwa hiyo makosa utakayoyaona ni ya vidole, si ya akili. Mwalimu amehamia kwa binti yake. Anayenisomea barua zako sasa ni Fundi Saa.

Ndiyo, yeye. Alijitolea mwenyewe. Anakuja Jumamosi akishafunga kibanda chake, anavua saa mkononi na kuiacha mlangoni kama zamani, ingawa kwangu haturekodi hata mlio wake uingie kwenye mkanda. Alipofika kwenye "wasalimie watu wa Jumamosi" alikohoa, akaomba maji.

Basi salamu zimefika, ila zimewafikia wachache. Mlikuwa wasomaji tisa, wamebaki watatu. Kile chumba nyuma ya maktaba bado kina mablanketi ukutani ya kuzuia mwangwi, lakini mwangwi wa nani? Hakuna anayerekodi vitabu tena. Sisi tusioona tunazungushiana kaseti zilezile, nyingine zimeanza kulia kama mbuzi. Mshona Masweta, msikilizaji mwenzangu, ananiuliza kila wiki, "Yule binti wako anarudi lini?" Namjibu kwamba serikali imemchukua.

Lakini mimi na wewe tunajua kilichokuondoa, na huyu anayesoma barua zako anajua. Sikuulizi kwa ubaya. Kile kitabu cha mtengeneza kengele nilisomewa na marehemu mama yako mwaka ule nilipopoteza macho, nikiwa na miaka kumi na minne. Ile sura ambamo wanakaa kibarazani, kaka na dada, wanachambua maharage na kuongea, dada yangu alikuwa akiisoma mara mbili maana tuliipenda. Kwenye kaseti yako mtengeneza kengele anatoka sokoni, mara yuko safarini. Ndiyo sababu niliuliza kwenye mkutano wa kikundi, "Jamani, maharage yako wapi?" Nilidhani mkanda umekatika. Sikutegemea useme, "Muulizeni Fundi, kidole kilikuwa chake."

Utaratibu uliuweka wewe mwenyewe. Mmoja anasoma, wa pili anafuata kwa kidole kwenye nakala nyingine, neno likirukwa anagonga meza. Kisha majina ya wote wawili yanaandikwa kwenye kaseti, la Sauti na la Kidole. Jina la Fundi liliandikwa kwenye kaseti ile. Siku uliyorekodi Fundi hakuwepo. Pale mkutanoni akavaa saa yake, akaondoka, na wiki mbili baadaye ukaondoka wewe.

Nieleze, mwanangu. Si lazima iwe leo.

Mjomba wako


2 Mei 1993

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi wa stoo ya dawa na nilirudi nyumbani nimechoka hoi. Hali ya hewa ni nzuri. Fundi vioo amepata mtoto wa kike.

Kuhusu lile jambo. Unakumbuka kwamba kikundi kilikuwa kinatimiza miaka mitano na tulikuwa tumeshatangaza kwamba vitabu vitafika arobaini. Wageni walikuwa wamealikwa. Tulikuwa nyuma, wasomaji wawili wanaumwa mafua, na mtu anayeongoza lazima wakati mwingine aamue. Sura yenyewe haina tukio lolote, watu wamekaa tu. Niliona hasara yake ni ndogo kuliko faida. Kuhusu jina kwenye kaseti, yalikuwa mazoea ya kujaza fomu.

Kama kuna yeyote aliyekwazika kwa yaliyotokea, namwomba radhi.

Fundi, najua ni wewe unayesoma hapa. Endelea tu kusoma.

Juzi simu ya stoo iliita, nikainyanyua, na kabla mtu hajasema nikategemea kusikia sauti yako: "Hospitali hapa, nikuunganishe na nani?" Alikuwa mtu wa kuleta mitungi ya oksijeni. Nikamkatia kwa bahati mbaya.

Mpwa wako


22 Mei 1993

Kasuku,

Barua yako imesomwa. Ilisomwa mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani Fundi ameokota tangazo la ofisini akachanganya na karatasi zako. "Kama kuna yeyote aliyekwazika." Mwanangu, yupo, alikuwa amekaa mbele yangu ameshika hiyo karatasi. Ulimwambia aendelee kusoma, akaendelea. Hakukohoa hata kidogo.

Sikulazimishi. Ila radhi ya namna hiyo ni afadhali ungeniandikia habari za mitungi ya oksijeni peke yake.

Fundi bado anaenda kile chumba kila Jumamosi kabla ya kuja kwangu. Anafagia, anageuza kaseti zisishikane, anakaa na kitabu. Nikamuuliza unafuata nini na kidole chako wakati hakuna anayesoma? Akasema, "Nazoesha mkono." Tukacheka mpaka mgongo ukanikamata.

Nami nazoesha mikono kwa taipureta hii. Kiti chako kipo palepale, na kila anayetaka kukikalia namwambia kina mguu mbovu.

Mjomba wako


18 Julai 1993

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Tarehe kumi na tano Juni nilipokea bahasha yako. Niliifungua hapohapo kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na karatasi mbili nyeupe, mbele na nyuma, hazina hata nukta.

Nimeelewa. Ninastahili. Nimekaa nazo mwezi na siku tatu, nimezilaza chini ya redio, na kila nikitaka kuandika naziangalia nashindwa. Wewe mtu wa maneno, uliyekaa kwenye simu miaka ishirini na sita, umekosa hata neno moja la kuniambia. Ungenitukana ningejua pa kuanzia.

Naomba uniambie tu kama unataka niache kuandika. Nitaacha, ila sitaacha kukukumbuka, hilo halipo mikononi mwangu.

Kasuku


1 Agosti 1993

Wewe mtoto,

Tupu? Nani kakutumia karatasi tupu? Fundi alipofika hapo akasita, akasema "nyeupe," nikamwambia asome vizuri. Akainuka, akafunua taipureta yangu, akaanza kucheka peke yake kama mwehu. Utepe, Kasuku. Utepe wa wino umekauka kama ngozi, na huu wa leo Fundi ameuazima. Kumbe kwa muda nilikuwa nagonga hewa. Mshona Masweta naye nilimpelekea barua ya pole mwezi Juni, sasa naelewa kwa nini kaninunia.

Zilikuwa kurasa mbili, mwanangu, na zilikuwa zimejaa. Niliziandika siku ya katikati ya wiki ambayo Fundi haji, nikachukua moja ya zile bahasha anazoniandikia anwani kabisa, nikaifunga na kuipeleka posta mwenyewe kwa fimbo. Sikutaka asome mtu mwingine. Nilichosema humo sirudii. Kuna maneno ambayo vidole vyangu vinaweza kuyagonga mara moja tu.

Lakini nyundo za taipureta zina meno, zinaacha alama kwenye karatasi hata bila wino. Wewe ulikaa kwenye meza yangu tangu una miaka tisa, na nilikufundisha nukta nundu kabla shule haijakufundisha hesabu za kugawanya. Fumba macho, tumia vidole. Vikishindwa, chukua penseli uipitishe kwa ulalo.

Ukishasoma usinijibu kwa karatasi. Unajua karatasi zako zinapita mdomoni mwa nani.

Mjomba wako, ambaye hajawahi kukosa la kukuambia


Kaseti, upande A
5 Septemba 1993

Inazunguka? Inazunguka.

Mjomba, shikamoo. Ni mimi. Nimeazima rekoda ya fundi vioo, nimetundika blanketi langu ukutani na jingine la mke wake, na saa nimeivua nikaiacha mlangoni. Naomba Fundi awepo upande huu. Naomba pia wale watatu waliobaki, na Mshona Masweta, na yeyote atakayetaka kusikia. Upande B ni wa Mjomba peke yake.

Fundi Saa. Mimi ndiye niliyeruka zile kurasa, mia na kumi na mbili mpaka mia na thelathini. Siku ile hukuwepo. Nilikwenda peke yangu siku ambayo si ya kikundi ili pasiwe na wa kunigongea meza, na nilipomaliza nikaandika jina lako. Haikuwa mazoea ya fomu. Niliandika kwa sababu jina lako kwenye kaseti lilikuwa linaaminika kuliko langu. Mkutanoni nikakubebesha wewe mbele ya watu, nikijua hutajitetea. Sina "kama." Ni wewe niliyekukosea, nawe umekuwa ukizisoma barua zangu za kiburi kwa mdomo wako. Nisamehe.

Na si kitabu kimoja, Fundi. Hilo hamkulijua. Ni kumi na moja. Nitavitaja vyote mwisho wa upande huu, na kurasa zake, mvitoe kwenye rafu visiendelee kuwadanganya watu.

Niliyapenda mno yale maneno, "vitabu arobaini." Nilikuwa nimeshajiona nimesimama mbele ya wageni nikiyatamka. Na moyoni nilijisemea kwamba msikilizaji hawezi kujua asichokisikia. Nimelelewa na mtu asiyeona, nikasema hivyo.

Mwezi uliopita alikuja dirishani bibi mmoja, macho yake yana ukungu. Akanipa kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, akasema, "Mjukuu wangu, nisomee." Nikamsomea dozi na tahadhari mbili, nikamrudishia. Akakipapasa, akasema, "Mbona kirefu hivi, na wewe umesema maneno machache?" Foleni ilikuwa nyuma yake mpaka mlangoni. Nikamwambia hayo mengine si ya muhimu. Akasema, "Sawa mwanangu, wewe ndiye unayeona," akaondoka zake, hana hata kinyongo. Nilimkimbilia mpaka getini. Tukakaa kwenye ukuta mfupi nikamsomea chote mpaka jina la kiwanda, na foleni ikanisema nilivyostahili kusemwa.

Kikundi nilikianzisha mimi, nikakivunja mimi, nikakimbia. Uhamisho niliuomba mwenyewe, Mjomba, serikali haikuniita. Sasa nimeomba mwingine wa kurudi, na wamenikubalia. Nitafika Jumamosi ya tarehe mbili Oktoba. Sitaki uongozi. Mkinikubali, naomba mwaka mzima niwe Kidole, nifuate wengine wanavyosoma. Na vile vitabu kumi na moja nitavisoma upya kila kimoja tangu ukurasa wa kwanza, Jumapili, siku yangu ya kupumzika, na Fundi akigonga meza nitarudi nyuma. Mkinikataa nitakuja kufagia.

Sasa navitaja. Cha kwanza ni cha mtengeneza kengele.


Upande B

Mjomba, tuko wawili.

Vidole vyangu vilishindwa, vimekuwa vizembe. Nilitumia penseli, kwa ulalo, mchana kutwa. Maneno yalikuwa yanatokea meupe kwenye kijivu. La kwanza kulisoma lilikuwa "sikio."

Kwamba la kushoto limekufa tangu Januari, na la kulia linafuata, na daktari amesema labda mpaka mwisho wa mwaka. Kwamba macho uliyapoteza ukiwa mtoto na hukulalamika, lakini hili linakutisha. Kwamba unapokaa mezani unamnyamazisha Fundi ili ujaribu kuikumbuka sauti yangu, na siku nyingine haiji. Barua yangu ya kwanza nilikueleza kwa masikio, mlio wa kioo na mihuri. Nilipofika hapo nililia, Mjomba, nikaichafua karatasi yako.

Na lile la mwisho. Kwamba siku niliyorekodi, Fundi alikuwa nyumbani kwako kutwa nzima anarekebisha bomba. Kwamba mkutanoni ulijua nasema uongo, ukanyamaza kwa kuwa mimi ni damu yako, na unyamavu wako ndio ulionifukuza, maana niliuelewa. Ndiyo, niliuelewa. Lakini hukunifukuza, nilikimbia kwa miguu yangu. Yako mwambie Fundi mwenyewe. Yangu nimeshamwambia.

Kiti changu, unasema, kiko upande usiosikia, na hujaweza kukisogeza kwa sababu alikiweka mama.

Nina dakika arobaini za mkanda. Nimeshapiga hesabu, kurasa kumi na tano zinaingia kwa mwendo wa polepole na sauti ya juu. Nne za mwisho hazitaingia, na hata zingeingia nisingezisoma kwenye mashine. Hizo nakuja nazo.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili. "Alipofika, dada yake alikuwa kibarazani na ungo mapajani, wala hakuinuka, alisogea tu ili ampishe nafasi ya kukaa…"


18 Septemba 1993

Kasuku,

Utepe ni mpya, Fundi ameujaribu kwa macho yake. Ukiona karatasi nyeupe safari hii, kosa ni la posta.

Upande A tuliusikiliza kwangu, watu saba. Ulipomaliza kutaja vitabu, Mshona Masweta akauliza kama cha nne ni kile cha mchimba visima, maana alikuwa akijiona mjinga miaka miwili kwa kutokielewa. Alifurahi sana kujua ni wewe na si yeye. Ameanza kukufumia sweta, amesema ni la kukuadhibu, linawasha.

Upande B nilimwambia Fundi akae. Siri yangu ya sikio anaijua tangu Aprili. Kumbe ndiyo maana alikuwa anasoma barua zako kwa kupiga kelele, nami nikidhani ana hasira na wewe. Mtaa mzima unajua fundi vioo amepata mtoto wa kike. Nikamweleza na lile la bomba. Akasema, "Siku ile nilikusubiri uinue kichwa, Opereta, hukuinua." Nikamwomba radhi. Akanishika bega, akasema tusikilize.

Nilibandika sikio la kulia kwenye spika. Yeye akafungua nakala yake, akafuata kwa kidole mpaka mkanda ulipokwisha. Nikamuuliza vipi? Akafunga kitabu akasema, "Ukurasa wa mia na kumi na nane karuka neno 'tena.' Mwambie Jumapili ya kwanza asichelewe." Halafu akaomba maji.

Nimekusikia, mwanangu. Si kila neno, mengine nilikuwa nayajazia kwa kumbukumbu, na mahali pengine sikujua ni wewe au ni dada yangu. Zile nne usizitume.

Usinunue kitu njiani, njoo tu. Kiti chako nimekihamishia kulia.

Mjomba wako